Mkono Uliochora Santuri Yetu

Jumamosi, 4 Machi 1989

Daftari hili ni shajara ya mwaka 1987 iliyobaki stoo kiwandani kwa mume wangu, kwa hiyo siku zake hazikubaliani na tarehe. Hapa palikuwa pameandikwa Jumatano, nimekata. Mume wangu ameniambia niandike kila kitu, maana siku moja watu watataka kujua santuri yake ya kwanza ilitengenezwaje, na katika nyumba hii mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne kwa daraja la pili. Mume wangu. Nimeandika maneno haya mara sita pembeni mwa ukurasa, kama mtoto anayejaribu kalamu mpya.

Leo tumetimiza wiki saba. Siku ya harusi kule Webuye hakukuwa na wingu hata moja, na hapa Namuwongo, Kampala, imenyesha tangu alfajiri, bati linapiga kelele hata hatusikiani, tukawa tunaongea kwa mikono na kucheka. Chumba chetu ni kimoja. Reli iko nyuma ya ukuta na treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Sylvanus anasema hata treni inafuata mapigo manne. Mchana ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi upande wa Nakawa, jioni ni mpiga gitaa na kiongozi wa Bendi ya Kengele. Vidole vyake ni virefu. Nikivitazama nasahau kugeuza chapati.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Nimempenda kuliko jana.

Alhamisi, 9 Machi

Nimepata mama huku ugenini. Anaitwa Halimah, Mnubi, mke wa Mzee Dawudi wa chumba cha pili. Anadarizi vitambaa na kusuka kawa za kufunikia chakula, anauza soko la Nakawa. Ananiita arusi, kwao ndiyo bibi harusi. Ameniambia mke mpya hawezi kulalia shuka tupu kama mtu wa hospitali, atanidarizia shuka yenye majina yetu, ndivyo wao wanavyofanya. Mzee atachora herufi kwa penseli, yeye atafuata kwa uzi.

Mzee Dawudi alikuwa fundi wa mabango. Maduka ya Wahindi kule Old Kampala, karibu yote, herufi zilikuwa zake. Chini kwenye kona ya kulia aliandika jina lake dogo, Dawudi. Mwaka wa sabini na tisa serikali ya jeshi iliyokuwa na askari wengi Wanubi ilipoanguka, na watu wakaanza kuwatafuta Wanubi nyumba kwa nyumba kulipiza kisasi, alitoka alfajiri na kisu akalikwangua jina lake bango kwa bango, kisha akakimbia. Amerudi baada ya vita vya themanini na sita. Sasa mkono wa kulia unatetemeka. Anakunywa vidonge vyeupe mara tatu kwa siku, na akishakunywa mkono unatulia saa mbili tatu kama mtoto aliyenyonya.

"Nisaidie kitu moja, arusi," Mama Halimah aliniambia. "Mimi niko sokoni. Saa saba mpe mzee kidonge moja na chai. Daktari amesema hii dawa hairukwi."

"Mwenyewe hawezi kukumbuka?"

"Anasahau makusudi. Anataka kuona kama Mungu ameondoa ugonjwa."

Nimekubali kwa furaha. Nani hapendi kuaminiwa.

Jumapili, 12 Machi

Mume wangu ana akili za mbali. Bwana wa studio kule Nairobi alimwambia picha ya bendi wamevaa suti kwenye jalada haiuzi tena. Akamwonyesha santuri moja ya Ulaya isiyo na sura ya mtu, rangi tupu, imedondoshwa na kumwagwa kama aliyeichora alikuwa anacheza juu yake. Leo Sylvanus amelaza ubao wa plaiwudi uani, amefungua makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki kiwandani, nyeupe, njano, bluu, nyekundu, akaanza kumwaga. Alikuwa mzuri kumtazama, mikono ya shati imekunjwa.

Erinayo, mpiga ngoma wake, alikuja akasimama akauangalia ule ubao.

"Banange, jamani," akasema, "nani ametapika hapa?"

Nilicheka. Mume wangu alinitazama, akaingia ndani. Hakuongea na mimi mpaka usiku. Nimejifunza kwamba Erinayo anaruhusiwa kucheka na mimi siruhusiwi, na ni haki, mke si mtu wa kucheka na wengine. Aliponisamehe nililia kwa raha.

Jumatano, 15 Machi

Ameupaka ubao wote rangi nyeusi ili aanze upya. Mvua imeacha alama za matone juu yake. Amekasirika.

Jumamosi, 18 Machi

Ameniambia jina la santuri. Ni Moreen, jina langu. Wimbo wa kwanza upande wa kwanza ni Moreen, na juu ya jalada yataandikwa Moreen kwa herufi kubwa. Sijui niandike nini. Nimekaa na kalamu dakika kumi.

Akamwita Mzee Dawudi akamwambia, "Mzee, jalada langu linataka herufi. Kuna nani mwingine Kampala hii?"

Mzee alijipangusa mikono ingawa ilikuwa safi. "Na jina langu?"

"Kona ya chini, kulia. Dogo, kama zamani."

Mzee alirudi chumbani akiwa amenyooka mgongo. Mama Halimah aliniambia baadaye kwamba amelala akisema herufi moja moja, M, O, R, kama mtu anayesoma dua. Ameanza pia kuchora shuka yetu, kila siku kidogo, saa ile mkono umetulia. Amemaliza "Sylvanus na". Nimeiona. Imenyooka kama maandishi ya benki.

Jumanne, 21 Machi

Nimefanya kosa na Mungu amelibariki.

Nilikuwa napika maharagwe nikasahau kidonge cha mzee mpaka saa tisa. Yeye naye alikuwa uani juu ya ule ubao mweusi, amechovya brashi kwenye nyeupe ajaribu M ya jina langu. Mkono ukamshika. Uliruka kama samaki. Brashi haikugusa ubao, rangi ilidondoka kutoka juu kwa nyuzi nyembamba, zikajikunja, zikarudi juu ya nyingine, zikavunjika kuwa matone madogo madogo. Alishika mkono wake kwa mkono wa pili lakini haukutulia.

"Nimeharibu ubao ya bwana yako," alisema. 

Sylvanus aliporudi alichuchumaa mbele ya ubao bila kuvua koti la mvua. "Nani?"

"Mzee. Nilichelewesha kidonge chake."

Alinibusu mbele ya watu wote wa uani.

Alhamisi, 23 Machi

Anapiga gitaa akiuangalia ule ubao. Anasema hakuna mtu mwenye mkono mzima anayeweza kufanya vile, yeye mwenyewe amejaribu.

Jumatano, 29 Machi

Aliniomba nicheleweshe tena. Saa mbili tu. "Ni kama kukaza waya wa gitaa," alisema, "unaukaza ndipo uimbe." Nimechelewesha. Mzee aliulizia kidonge mara moja, nikamwambia nachemsha maji. Nyuzi za njano zimetoka leo.

Jumamosi, 1 Aprili

Mazoezi ya bendi uani, jua kidogo. Mzee alisimama juu ya ubao na kopo la bluu, na Sylvanus akaanza kupiga polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi, na mkono wa mzee ukawa unaufuata muziki, au tuliona hivyo. Erinayo aliacha ngoma akasimama nyuma yake akitetemesha mikono yote miwili na mashavu. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi nililazimika kukaa chini, na safari hii mume wangu alinitazama akicheka pia. Mzee naye alikuwa anatabasamu. Nadhani alifikiri tumeifurahia kazi.

"Herufi lini?" aliuliza.

"Mwisho, mzee. Herufi zinakuja juu ya kila kitu."

Ijumaa, 7 Aprili

Ramadhani imeanza. Uani pamekuwa kimya mchana. Shehe amemruhusu Mzee Dawudi asifunge kwa ajili ya ugonjwa, na badala yake Mama Halimah analisha masikini mmoja kila jioni, mjane wa huko bondeni. Nikipeleka chai na kidonge saa saba, mzee anageukia ukuta ndipo anywe, mgongo kwangu, kama mtu anayefanya aibu.

Mama Halimah amekuwa mkali kwa mwezi huu. Jioni kabla hajatua kikapu ananiuliza, "Umempa saa saba?" Siwezi kuchelewesha tena. Nusu ya ubao bado nyeusi.

Jumatatu, 10 Aprili

Mume wangu amenigeuzia mgongo usiku wa pili. Katikati ya Mei lazima mkanda na jalada vifike Nairobi. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Santuri yenye jina lako, Moreen, na wewe ndiye unayeiua."

Nikamwuliza nifanye nini.

Aliketi kitandani. Kisha aliwasha taa akanifundisha sentensi moja. Alinifundisha kama anavyomfundisha mwimbaji, tua hapa, shusha sauti pale, usimtazame machoni ukifika mwisho. Niliirudia mara nne. Mara ya nne akanivuta kwake.

Jumanne, 11 Aprili

Niliingia na chai. Mzee alikuwa amekaa mkekani, shuka yetu imefunikwa kikapuni kando yake, penseli juu ya sikio. Alipokea kikombe akaanza kugeukia ukuta.

Nikasema: "Mzee, leo nimemwona fundi Rajab wa baiskeli. Na vile vidonda vyake vya tumbo, naye amefunga. Nikasema moyoni, kweli hawa wana imani."

Hakugeuka. Kikombe kilikaa hewani. Nilisikia treni ikija kutoka mbali, ikafika, ikapita, vitu vyote vya chumbani vikalia, na bado kikombe kilikuwa hewani. Halafu akakiweka chini, chai nusu ikamwagika mkekani.

"Rajab," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Huyo alikuwa ananikuta kwa msikiti, mimi ndiye nilimfundisha kusoma." Alitazama chai iliyomwagika. "Na mimi nakunywa chai hapa kama mtoto."

Kidonge alikuwa nacho mkononi. Alikiweka kwenye kiganja changu akakunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. "Kile ya alfajiri nitakunywa na daku. Ya jioni na futari. Hii ya katikati, Mungu atanipa nguvu. Usimwambie Mama Halimah, atapigana na mimi. Hii ni siri ya mimi na Mungu na wewe."

Nilikitia kwenye kiberiti kitupu, nikakificha chini ya godoro.

Jioni Sylvanus aliniimbia Moreen yote, beti tatu, mimi peke yangu, mvua ikiwa mpiga ngoma. Hakuna mwanamke Kampala aliye na mume kama wangu. Nimeandika hivyo na ninaamini.

Jumatano, 12 Aprili

"Umempa?" "Nimempa."

Alhamisi, 13 Aprili

"Umempa?" "Nimempa." Nyuzi nyekundu leo. Saa kumi mkono wake hauna mfano.

Jumamosi, 15 Aprili

Vidonge vitano kwenye kiberiti. Ubao umejaa robo tatu. Erinayo hakuja leo. Jana alisema mzee amekonda na yeye hataki kucheka tena. Sylvanus akamwambia wapiga ngoma wako tele.

Alhamisi, 20 Aprili

Mzee aliniita dirishani, uso umekwisha, macho yanang'aa. "Nimemaliza jina lako kwa ile shuka. Nimeandika saa tisa, mkono inaruka, lakini nimeandika. Ni asante yangu. Mke wa Sylvanus, wewe umenirudishia Ramadhani." Alisema nisiiangalie mpaka Mama Halimah aidarizi.

Nilimsimulia mume wangu nikidhani itamgusa. Alikuwa anasugua vidole kwa mafuta ya taa kuondoa rangi. "Vizuri," alisema, "basi hataacha."

Jumapili, 23 Aprili

Kanisani tuliimba. Sikumbuki tuliimba nini.

Alhamisi, 27 Aprili

Naandika hili polepole ili nisiruke kitu.

Mchana wote ilinyesha. Saa kumi na moja Sylvanus alirudi mapema kutoka kazini na kopo la nyeupe, akasema imebaki kona moja tu, ya chini kulia, na leo ndiyo siku kwa sababu Mama Halimah alikuwa amepeleka chakula kwa mjane. Nilimwambia mzee amelala, hakuamka vizuri. Alisema, "Mwamshe wewe. Wewe anakusikia."

Nikamwamsha. Nilimwambia, "Mzee, imebaki kona yako." Aliamka mara moja. Alidhani ni jina. Nilijua kwamba anadhani ni jina. Alivaa kofia.

Ubao ulikuwa chini ya ukingo wa paa, lakini kopo liliachwa upande wa pili wa uani na ardhi ilikuwa tope tupu. Mzee alikwenda kulichukua. Miguu ilikuwa migumu, anaisukuma kama mtu anayetembea majini. Alipogeuka na kopo mkono ulianza kuruka, rangi ikawa inamwagika kanzuni, akajaribu kulizuia kwa mkono wa kushoto, na hatua mbili kabla ya ubao akaanguka mbele juu ya mkono wa kulia. Nilisikia mfupa kutoka nilipokuwa. Kopo liliruka likaangukia ubao, likamwaga, likabiringika.

Sylvanus alikimbia. Nami nilikimbia. Yeye alifika ubaoni, mimi nikafika kwa mzee.

Niliinua macho nikamwona mume wangu anainamisha ubao upande mmoja, kwa uangalifu, nyeupe iteremke juu ya nyuzi nyingine. Alikuwa ametoa ncha ya ulimi, kama anavyofanya akitafuta sauti ya waya. Mzee alikuwa ameweka kichwa kwenye paja langu. Hakulia. Alisema, "Jua limezama?" Nikasema bado. Akasema basi asipewe maji.

Fundi Rajab ndiye aliyembeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Mkono umevunjika kifundoni, vipande viwili.

Usiku Sylvanus aliumulika ubao kwa taa ya mkono, akaniita nije nione. Ni kweli ni mzuri. Nilitaka uwe mbaya. Ni kama mvua yote ya mwaka huu imeanguka mara moja gizani.

Ijumaa, 28 Aprili

Nilimwambia Mama Halimah aliteleza. Ni kweli aliteleza.

Jumapili, 7 Mei

Idi. Mama Halimah alitualika kula. Nilisema naumwa kichwa, Sylvanus akasema tutaenda, kutokwenda ni utovu wa adabu.

Mzee alikuwa ameegemea mto ukutani, plasta mpaka kiwiko, vidole vinavyotoka kwenye plasta vinatetemeka peke yao. Walikuwepo Rajab na mkewe na yule mjane. Sinia la wali na nyama katikati. Baada ya dua mzee alisema anataka kusema neno.

"Watu wengi wamenisaidia mwezi hii. Lakini huyu binti, Mkristo, ndiye amenisaidia sana. Mimi nilikuwa nakunywa chai mchana. Yeye ndiye alinikumbusha. Alinitajia Rajab, na mimi nikaona haya, nikafunga. Mpaka siku ile nilianguka, nilikuwa nimefunga." Alinitazama kwa upendo. "Mungu akulipe, mke wa Sylvanus."

Rajab aliacha kutafuna. "Mimi nilifunga siku mbili tu," alisema. "Tumbo lilikataa. Mimi nilikula siku zote zilizobaki."

 Mama Halimah alikuwa na upawa mkononi. Hakuuweka chini.

"Siku ngapi?" aliniuliza.

"Mama, haya ni mambo ya dini," Sylvanus alisema, "sisi hatuyaingilii." Akajiongezea nyama.

"Sikuuliza wewe. Arusi. Siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Vidonge viko wapi?"

Nilitoka nikaenda chumbani kwetu, nikainua godoro. Ningeweza kusema nimevitupa. Nilikirudisha kile kiberiti nikampa. Alivimimina kiganjani, akaviangalia, akavirudisha kimoja kimoja bila kudondosha hata kimoja.

"Kila jioni nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukanijibu."

Mzee alikuwa anatutazama sote, anageuza kichwa huku na huku. "Kwa nini mnamgombeza? Ni mimi nilimwambia asiseme." Kisha akamgeukia Sylvanus na kumwonyesha plasta. "Hii wanafungua mwezi wa sita. Utaningojea kwa zile herufi?"

"Tutaona, mzee."

Mama Halimah aliniwekea wali sahani yangu. "Kula, arusi," alisema. "Nyama inapoa." Nilikula. Alikaa akinitazama mpaka nikamaliza chote.

Jumatano, 10 Mei

Nilimwuliza Sylvanus kama alijua kuhusu Rajab. "Kujua nini?" Kwamba hakuwa amefunga. Alisema yeye hafuatilii matumbo ya watu.

Jumamosi, 13 Mei

Ameondoka kwenda Nairobi. Ubao ameufunga kwa blanketi letu la harusi. Mzee alisimama langoni na plasta yake.

"Na herufi?"

"Kule wana mashine, mzee."

"Na jina langu?"

"Kona ya chini, kulia," Sylvanus alisema na kumpiga bega.

Alhamisi, 25 Mei

Mvua. Naenda kuchota maji wakati Mama Halimah hayupo bombani.

Jumatano, 7 Juni

Plasta imetolewa. Mkono umeunga upande, kama tawi. Nimeuona kwa dirisha. Vidole havishiki hata kijiko.

Jumamosi, 17 Juni

Sylvanus amerudi na maboksi mawili ya santuri. Watu wamejaa uani. Erinayo naye alikuja, akashika moja, akairudisha bila neno.

Jalada linang'aa. Juu kumeandikwa Kengele, herufi nyeupe za mashine. Yule bwana wa studio alisema jina la mwanamke mmoja haliuzi. Wimbo wangu uko upande wa pili, wa nne, na sasa unaitwa Mapenzi Matamu. Nyuma, chini kabisa, kumechapishwa: Mchoro ni wa Sylvanus Nabwera.

"Ubao ulikuwa wangu," alisema alipoona ninasoma. "Rangi ni yangu. Wazo ni langu. Yeye aliangusha kopo."

Nilimpelekea mzee nakala moja mimi mwenyewe, ilibidi. Mama Halimah alinifungulia mlango akakaa kando. Mzee aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye goti. Aliitazama sana na nikaona anaitambua, nyuzi moja moja, siku moja moja. Halafu akashuka kwenye kona ya chini ya kulia. Alipitisha kidole gumba pale. Akainamisha jalada kwenye mwanga wa mlango, akapitisha tena, kama mtu anayetafuta mkwaruzo wa kisu.

"Nani amekwangua?" aliuliza.

Nikasema sijui, mzee.

Jumapili, 18 Juni

Redio wamepiga wimbo mmoja. Si ule wangu. Majirani wanasema nina bahati ya mume.

Alhamisi, 29 Juni

Mvua imekwisha, vumbi la reli linaanza kuingia ndani. Adhuhuri Mama Halimah aligonga. Kwa wiki saba hajavuka mlango wetu. Alikuwa na kikapu.

"Niliahidi," alisema.

Ni shuka. Aliifungua mwenyewe akaitandika kitandani kwetu, akavuta kona zote nne. Uzi mwekundu na kijani, maua pembezoni, kazi ambayo watu wangetoka mbali kuja kuiona. Katikati, "Sylvanus na", imenyooka kama maandishi ya benki. Kisha inaanza M, na M hiyo inapanda, inashuka, inajirudia juu yake, na herufi zinazofuata zimeruka, zimepotea, zimerudi, mpaka mwisho ni vinundu na nyuzi zinazotawanyika kuelekea kwenye mto wa kulalia. Kila mtetemo wa penseli ameufuata kwa uzi. Hakuna hata mmoja alioruka.

"Ungeweza kunyoosha kidogo, mama," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Sikunyoosha. Mkono ya mume wangu ni hii." Akachukua kikapu chake. "Ilalie, arusi."

Nilikaa sakafuni mpaka jioni. Sylvanus aliporudi aliisimamia shuka bila kuvua koti, akachuchumaa, kama siku ile. Nikangoja asome. Alipitisha vidole vyake virefu juu ya jina langu, mbele na nyuma, akitoa ncha ya ulimi.

"Hili ndilo jalada la santuri ya pili," alisema.

Nilimwuliza kama anaona pameandikwa nini.

"Hapa? Si kitu, ndiyo uzuri wake. Huku kwingine kumenyooka mno, tutakata." Alifikiri. "Mzee hawezi tena kushika penseli?"

Nikasema mkono wa kulia umekufa.

"Na wa kushoto?"

Nikasema wa kushoto bado umetulia.

Alikunja shuka vizuri, akaiweka juu ya kabati.

"Hakuna haraka," alisema. "Utakuwa unampelekea chai, uniambie huo wa kushoto ukianza kuruka."